Breki Kabla ya Injini

Mwaka 1965 Carroll Shelby wa Marekani aliigeuza Ford Mustang kuwa gari la mashindano, GT350. Injini aliipandisha hadi nguvu za farasi 306, lakini magurudumu ya mbele aliyapa pia breki za diski. Hapo tuna fundisho. Tukijenga gari la namna hii, mara nyingi fedha zetu huishia kwenye injini. Twasahau kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu: kipimo cha DOT 4 chataka yasichemke chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama, na kona haimsubiri mtu. Twaonelea basi tuyabadilishe kabla ya kuingia uwanjani, ndipo tuulizane habari za mwendo.