Bei ya Chee Isiyo na Mwenyewe

Nikimsikia mtu akijisifu kwamba ameiona nyumba ya bei ya chee huko Marekani, eti kwa sababu mwenyewe kalemewa na mkopo, humuuliza swali moja tu: bei hiyo kaitaja nani? Wengi hunishangaa. Si imeandikwa kwenye tangazo?

Nazungumzia yale mauzo pungufu, ambapo nyumba huuzwa kwa pesa zisizotosha kulipa deni lake na benki hukubali kula hasara. Neno la Kiingereza wanaloyaitia, "short", lina maana ya pungufu na pia fupi, na nadhani watu wetu wameshikilia hiyo ya pili. Wamekosea. Sijaona biashara ndefu kama hiyo.

Tupige hesabu. Mtu anadaiwa dola 300,000, na nyumba sokoni haizidi 190,000. Dalali anatangaza 160,000. Kaitoa wapi? Kichwani mwake. Anachotaka ni ofa ya kupeleka benki, na chambo kikinona samaki hawakawii. Benki haijaiona bei hiyo wala haijaulizwa. Ikishaletewa ofa hutuma mtu wake kukadiria thamani, na miezi kadhaa baadaye hujibu: lete 190,000 au tuachane. Basi uchee uko wapi? Aliyeweka sahihi ya kuuza hana mamlaka ya kuuza, na mwenye mamlaka hujawahi kumwona uso. Anayenunua mbuzi kwenye gunia ana nafuu, maana yeye angalau mbuzi anamsikia akilia.

Shemeji yangu aliingia mtego huo Phoenix, Arizona, mwaka 2010, wakati bei za nyumba za mji ule zilipokuwa zimeanguka takriban nusu tangu kilele cha 2006. Mwenye nyumba aliyoitaka shemeji aliiandikia benki barua ya kueleza dhiki yake, akaambatanisha hati za mshahara, taarifa za benki na za kodi. Benki ikakaa nazo hadi zikachakaa, kisha ikamwambia azilete upya. Kila akipiga simu anapokea mtu mwingine, na hadithi inaanza mwanzo. Mwishowe ikabainika kwamba benki ile haikuwa hata na mkopo wenyewe. Ilikuwa mkusanyaji tu, ikiwapokelea marejesho wawekezaji walionunua mikopo mingi iliyofungwa pamoja kama mtumba kwenye robota. Ridhaa ilipaswa kutoka kwao.

Halafu akajitokeza mkopeshaji wa pili. Huyu ndiye kiini cha uchungu, na madalali hawapendi kumtaja. Mwenye nyumba alikuwa amekopa mara mbili kwa dhamana ileile. Nyumba ikinadiwa, wa kwanza anabeba kila kilichopatikana na wa pili anaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo mali pekee aliyobaki nayo wa pili ni sahihi yake, na bila sahihi hiyo hati haiwezi kuhamishwa ikiwa huru na deni lake. Anaikalia mpaka apewe chake. Simlaumu sana, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Ila usiniambie kwamba hayo ni mauzo ya haraka.

Wakati huohuo, idara nyingine ya benki ileile ilikuwa ikiandaa mnada. Arizona haingoji hukumu ya hakimu. Ilani ya siku 90 inatosha. Nyumba ikanadiwa huku faili la shemeji likiwa bado "linashughulikiwa". Mara ya mwisho tulipopita pale umeme ulikuwa umekatwa, pampu imesimama, na bwawa la kuogelea limegeuka kijani kama supu ya mchicha. Mbu ndio waliohamia kwanza.

Na yule muuzaji aliyedhaniwa anatua mzigo? Kwa kodi ya Marekani, deni lililosamehewa kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipato. Bunge lilitunga msamaha kwa makazi ya kudumu mwaka 2007, lakini wa muda, ukaongezwa kwa vipande vipande. Wala si kodi tu: California ililazimika kutunga sheria mwaka 2011 ili mkopeshaji aliyeridhia mauzo asigeuke baadaye kumdai mwenye nyumba kile kilichopungua.

Nitaambiwa mambo yamerekebishwa. Ni kweli, mwaka 2012 Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, yaliagiza ofa ijibiwe ndani ya siku 30 na uamuzi utolewe ndani ya siku 60, na mkopeshaji wa pili asipewe zaidi ya dola 6,000. Agizo zuri, lililokuja miaka sita baada ya bei kuanza kuporomoka, na lililohusu mikopo iliyo chini yao tu.

Anayefaidi ni mwenye fedha taslimu, anayetupa ofa kumi na kuzisahau tisa. Wewe unayelipa kodi ya chumba huku mtoto anasubiri kujua atasoma shule gani, hizo kumi huna.

Ukishikwa na tamaa hata hivyo, muulize dalali: nyumba ina mikopo mingapi, mwenye mkopo hasa ni nani, na tarehe ya mnada imeshapangwa? Akijikuna kichwa kwenye swali la pili, rudisha kalamu mfukoni.