Njia za burudani Mlima Meru: tozo inalipwa, fedha hazifiki msituni

NJIA za udongo zinazopanda kutoka mji mdogo wa Ngaramtoni kuelekea miteremko ya Mlima Meru zina watumiaji wengi kuliko wagharimiaji. Hupitwa na malori ya magogo, pikipiki, watembea kwa miguu na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Suala la nani anapaswa kuzitunza, hasa zinapotumika kwa burudani, halijapata jibu la kisera.

Suala hilo lilipata uzito mpya Oktoba 2024, Arusha ilipoandaa tamasha la magari ya Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo. Tamasha lilidhihirisha kwamba wapenzi wa magari ya kuhimili njia mbovu wapo wengi. Lakini lilipokwisha, wenye magari walirudi katika hali ile ile: ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha ni marufuku kuendesha nje ya barabara, msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ardhi iliyobaki ni mashamba na malisho ya wananchi.

Kiini cha tatizo ni namna fedha za njia zinavyopatikana. Kila anayenunua petroli au dizeli nchini hulipa tozo inayoingia katika Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Sheria inaelekeza angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko zitumike kwa matengenezo ya barabara. Lakini njia za ndani ya mashamba ya miti hutegemea bajeti ya TFS, ambayo kazi yake ya kwanza ni misitu. Kwa hiyo lita inayochomwa msituni hulipia barabara sawa na lita inayochomwa na basi liendalo Namanga.

Marekani ilikabili kasoro hiyo kwa kutenganisha hesabu. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1971 iliyowataka wenye magari ya burudani kuyasajili na kulipia. Mwaka 1991 serikali kuu ilianzisha mpango wa kurudisha katika njia za burudani sehemu ya kodi ya mafuta yanayokadiriwa kutumika nje ya barabara kuu. Mgawo wake ni asilimia 30 kwa njia za magari, asilimia 30 kwa watembeao na wengine wasiotumia injini, na asilimia 40 kwa matumizi mchanganyiko.

Kenya ilichukua mkondo mwingine. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha yakisaidiwa na fedha za umma, zikiwamo za mfuko wa michezo. Fedha hizo zilifuata tukio. Njia ya burudani, kinyume chake, huhitaji matengenezo kila baada ya masika, hata pasipokuwa na bingwa wa kushangiliwa.

Mwelekeo wa kufuata tukio unaonekana pia Arusha. Machi 2024 Serikali ilisaini mkataba wa ujenzi wa uwanja wa mpira katika kata ya Olmoti kwa ajili ya michuano ya Afrika ya mwaka 2027. Ni dhahiri kwamba Serikali haikatai kugharimia burudani. Inachohitaji ni sababu yenye tarehe.

Hata hivyo, kuchota tozo ya mafuta kwa ajili ya starehe kungekuwa kosa. Mkulima anayepeleka mahindi na maharage katika soko la Ngaramtoni bado anadai barabara ipitikayo wakati wa mvua, naye hulipa tozo hiyo kupitia nauli. Zaidi ya hayo, Meru ni chanzo cha mito ya Themi na Ngarenaro inayopita jijini. Udongo wake wa majivu ya volkano humomonyoka upesi, na alama ya tairi iliyoachwa mtelemkoni inaweza kugeuka mfereji. Atakayebeba hasara ni mkazi wa bondeni ambaye hakupanda gari hilo.

Njia ya haki ni mtumiaji kulipia anachotumia. TFS na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha zinaweza kuainisha njia chache zilizo mbali na vyanzo vya maji, kutoza kibali kwa kila gari, na kuziwekea fedha hizo akaunti yake. Sehemu moja itunze njia, ya pili izibe makorongo na kupanda miti, ya tatu iende kwa vijiji vinavyopakana na msitu. Wasiotumia injini nao watengewe njia zao.

Bila utaratibu huo, magari yataendelea kupanda kwa kificho, na gharama italipwa na mlima. Wenye magari wameshaonyesha kwamba wana uwezo wa kukusanyika. Kilichobaki ni kuwawekea mahali pa kupita na bei ya kupita.