Kadi ya Bangi ya Tiba Inamlinda Nani?



Safari hii tunajibu swali la dada mmoja anayeishi Minnesota. Ni mama wa watoto watatu, anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na ana grini kadi. Tangu amalize matibabu ya saratani anasumbuliwa na maumivu, na usiku hapati usingizi. Daktari amemwambia anaweza kumthibitisha ili apate bangi ya tiba kwa sheria ya jimbo. Mwakani anatarajia kuomba uraia. Anauliza: ikiwa jimbo limeruhusu na daktari amekubali, kuna nini cha kuogopa?

Jibu kwa ufupi ni hili: jimbo litamlinda, lakini idara ya uhamiaji haimo katika ulinzi huo. Na kwa kuwa wengi wetu huku ugenini bado si raia, ni vizuri kila familia ielewe sababu yake.

Sheria mbili katika nchi moja

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake, na serikali kuu nayo ina zake. California ndiyo iliyotangulia kuruhusu bangi ya tiba, kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Minnesota ilifuata mwaka 2014, na leo majimbo mengi yana sheria za namna hiyo. Lakini sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini.

Mwaka 2005 wagonjwa wawili wa California walifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Gonzales na Raich, wakidai kwamba wamefuata sheria ya jimbo lao. Walishindwa. Mahakama ilisema serikali kuu ina mamlaka ya kukataza bangi hata pale jimbo linapoiruhusu.

Kuanzia Desemba 2014, Bunge la Marekani lilianza kuweka katika bajeti kifungu kinachoizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kuingilia mipango ya bangi ya tiba ya majimbo. Kifungu hicho kimewapa wagonjwa nafuu kubwa, lakini kinaihusu wizara hiyo tu. Uhamiaji uko chini ya wizara nyingine. Mwaka 2024 serikali kuu ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu. Hilo nalo lisitudanganye: dawa ya daraja la tatu bado imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na sheria ya uhamiaji inatazama orodha nzima.

Jimbo linalinda nini?

Ulinzi wa Minnesota si mdogo. Mgonjwa aliyesajiliwa hashtakiwi na jimbo kwa kutumia dawa yake kwa kufuata masharti. Mwajiri hawezi kumfukuza kwa sababu tu amesajiliwa, au kwa sababu kipimo cha mkojo kimeonyesha bangi, ila kama aliitumia au alikuwa nayo kazini, au alikuwa kazini huku imemlevya. Mwenye nyumba hawezi kumnyima pango, shule haiwezi kumkataa, na mzazi hanyang'anywi watoto kwa sababu hiyo peke yake.

Lakini sheria hiyo ina mlango wa nyuma: mwajiri, shule au mwenye nyumba akiwa atavunja sheria ya serikali kuu, au atapoteza fedha au leseni zake, ulinzi huondoka. Dereva wa lori anayepimwa kwa kanuni za usafirishaji za serikali kuu hawezi kujitetea kwa kadi. Anayeomba nyumba ya serikali au msaada wa kodi ya nyumba anaweza kukataliwa. Vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu hukataza bangi chuoni hata katika majimbo yaliyoiruhusu kwa kila mtu mzima.

Majimbo pia hayafanani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ilisema mwajiri hakuvunja sheria alipomfukuza mfanyakazi aliyepooza na aliyekuwa akitumia bangi ya tiba nyumbani kwake, nje ya saa za kazi. Kwa hiyo usitegemee alichokuambia binamu yako wa jimbo jingine.

Penye hatari zaidi: uhamiaji

Anayeomba uraia hutakiwa kuonyesha mwenendo mwema kwa miaka 5 kabla ya ombi, au miaka 3 kwa aliyeolewa au aliyeoa raia na anaomba kwa njia hiyo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: kutumia bangi, kuilima, au kufanya kazi katika biashara ya bangi kunaweza kumnyima mtu uraia, hata kama jimbo lake limehalalisha. Si lazima awe amekamatwa wala kuhukumiwa. Kukiri mwenyewe mbele ya ofisa kunaweza kutosha.

Kuna msamaha mmoja mdogo, kwa kosa la mara moja la kuwa na gramu 30 au chini yake kwa matumizi yako mwenyewe. Mgonjwa anayetumia dawa kila siku hawezi kuuegemea. Mwenye grini kadi anayerudi kutoka safarini anaweza pia kuulizwa uwanja wa ndege, na jibu lake likamfungulia kesi. Wanafunzi nao wajihadhari: kibarua katika duka la bangi lenye leseni ya jimbo kinaweza kuharibu njia ya kupata makazi baadaye.

Na safari za nyumbani?

Kadi ya jimbo haivuki mpaka. Bangi ni kosa Kenya na Tanzania, na nchi za Ghuba ni kali zaidi. Ukibadilisha ndege Dubai, Doha au Muscat, chupa ndogo ya mafuta ya bangi kwenye begi inaweza kukuingiza matatani. Mama akiomba umletee mafuta ya magoti aliyosikia yanasifiwa, mtafutie dawa nyingine.

Kwa walioko Uingereza, hali ni tofauti kidogo. Tangu tarehe 1 Novemba 2018 daktari bingwa anaweza kuandika dawa zitokanazo na bangi, na ruhusa hiyo ni ya sheria ya nchi nzima. Hata hivyo, cheti cha daktari wa Uingereza hakikupi ruhusa ya kuingia nazo nchi nyingine.

Dada yetu afanye nini?

Kwanza, asisajiliwe wala asianze kutumia kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Asimtegemee mjaza fomu wa mtaani. Mashirika ya kuwasaidia wahamiaji yana mawakili wa bei nafuu, na wengine hawatozi kitu.

Pili, amwambie daktari wazi kwamba yeye bado si raia, kisha aulize kuhusu dawa zilizoidhinishwa na serikali kuu. Zipo nyingine za maumivu na usingizi. Hata dronabinoli, ambayo hutolewa kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani, ni kemikali ya bangi iliyotengenezwa maabara na iliidhinishwa mwaka 1985. Dawa unayoandikiwa na daktari na kuinunua famasi kwa njia ya kawaida haina mgogoro huu.

Tatu, kama ameshaanza kutumia, asidanganye kwenye fomu wala kwenye usaili. Uongo huo peke yake unaweza kumnyima uraia, au kuufuta baada ya kuupata. Aende kwa wakili kabla ya kupeleka ombi. Huenda akashauriwa asubiri miaka kadhaa, na kusubiri si sawa na kukataliwa.

Nne, picha za bangi zisikae kwenye simu wala mitandaoni, hata za utani.

Dada, maumivu yako ni ya kweli na unastahili tiba. Ianze safari hiyo kwa wakili, kisha urudi kwa daktari. Tunakuombea afya njema.