Saa Haifungi Mabao

Ugonjwa mpya umeingia vijiweni, nao umetufikia hata sisi wa Misugusugu. Vijana wamekaa na simu zao wakipanga timu za fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: wachezaji 15, kwa fedha za kufikirika pauni milioni 100. Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hoja inayotawala mabishano yao: "Mchukue huyu, ana mbio."

Ndugu msomaji, pointi zenyewe hutolewaje? Kiungo akifunga hupata 5. Akitoa pasi ya bao, 3. Kasi haina pointi. Januari 2024 Micky van de Ven wa Tottenham alipimwa akikimbia kilomita 37.38 kwa saa, akavunja rekodi ya ligi hiyo. Mbio zile, kama mbio, hazikumwongezea mtu kitu. Lakini Kevin De Bruyne, ambaye silaha yake ni jicho, msimu wa 2019/20 alitoa pasi za mabao 20 na kufunga 13. Piga hesabu: pointi 125.

Wamarekani, ambao kwa mpira wao wa mikono wamefanya vipimo kuwa kama ibada, wangepaswa kutufunza. Mwaka 2017 John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, akachaguliwa wa 9. Msimu wake wa kwanza, majeraha nayo yakimwandama, hakudaka hata pasi moja. Tom Brady alitumia sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, kisha akatwaa ubingwa mara 7. Naye Usain Bolt, mwenye 9.58 za mita 100, alijaribu soka Australia mwaka 2018. Wakaachana bila mkataba.

Watasema namba haisemi uongo. Kweli, lakini hujibu lile tu uliloiuliza. Mizani ya Vigwaza hukwambia uzito wa lori. Haikwambii kama dereva anaijua njia. Filbert Bayi, ambaye shule zake ziko hapa Kibaha, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Pale saa ilikuwa hakimu halali, kwa kuwa mbio ndizo zilizoshindaniwa. Katika soka mbio ni chombo tu, na chombo huhitaji nahodha.

Sikatai vipimo. Vitakuonyesha aliyechoka, aliyetoka kuumia, na nani wa kuchagua kati ya wawili waliolingana kwa yote mengine. Kazi yake iishie hapo.

Hasara ya fantasi ni kuchekwa kijiweni, basi. Kinachonikera ni desturi hii kuhamia uwanjani. Nimewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwenye majaribio kwa amri ya saa ya mkononi, kabla hawajagusa mpira. Huyo mwenye miguu mizito huenda ndiye aliyeona pasi ambayo wenye mbio hawakuiona. Nani atamjua, ikiwa hakupewa mpira?

Kwa hiyo nawaambia makocha wetu: toeni mpira kwanza, muwatazame watoto wakicheza. Saa itolewe mfukoni baadaye.