Vumbi la Mawe Lisiuzwe Kabla ya Kupimwa

Dunia imeletewa dawa mpya ya joto lake. Twaambiwa mawe yasagwe, unga wake utawanywe mashambani, na mvua ikinyesha, hewa ukaa iliyomo katika maji itaungana na madini ya jiwe na kufungwa humo kwa maelfu ya miaka. Kemia hiyo ni ya kweli. Mwalimu yeyote wa sayansi aweza kuieleza ubaoni. Tena mwezi Aprili 2025 kampuni ya Mati Carbon, inayofanya kazi na wakulima wadogo wa India na iliyokwisha kuingia Zambia na Tanzania, ilitunukiwa dola milioni 50 za tuzo ya XPRIZE kwa kazi hiyo. Sasa wako wanaotaka tuamini kwamba elimu hii imeiva, na kilichobaki ni vijiji kutia sahihi.

Haijaiva, na kwa Singida haijainjikwa hata jikoni.

Hesabu ya wauzaji hutegemea safari moja: maji yaliyobeba hewa hiyo yatoke shambani, yaingie mtoni, yafike baharini. Je, maji ya Singida hufika bahari gani? Ziwa Kindai na Ziwa Singidani hayana mlango wa kutokea. Maji ya Wembere na Kitangiri huelekea Eyasi, ambako jua huyakausha na kuacha magadi. Ukiondoa upande wa kusini wa Manyoni, ambao maji yake huingia mto Kizigo na hatimaye Rufiji, sehemu kubwa ya mkoa imo katika Bonde la Kati, lisilofika pwani. Maji yakikauka chokaa huganda, na chokaa ikiganda, nusu ya hewa iliyonaswa hurudi angani. Mwenye kuuza tani mia kwa kanuni ya mito iendayo baharini huenda akawa ameuza hamsini za kweli na hamsini za hewa tupu.

Jaribio linalotajwa sana ni la Illinois, Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024. Mavuno ya mahindi na soya yalipanda kwa asilimia 12 hadi 16. Vema. Lakini kila hekta ilimwagiwa tani 50 za unga wa basalti kila mwaka, kwa miaka minne! Nani atazifikisha Mkalama, na kwa dizeli ya nani? Majabali yetu ni ya graniti, ambayo huyeyuka polepole kuliko basalti, na mvua yetu ni ya msimu mmoja.

Hatuupingi unga wenyewe. Mashamba ya mtama na alizeti yaliyochoka pengine yatafaidika nao, na watafiti wa TARI waupime kama wapimavyo mbolea yoyote. Tunachokipinga ni mkataba unaotangulia kipimo. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zipo, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ofisa anayeletewa karatasi aulize: maji ya visima gani yamepimwa, kwa misimu mingapi, na nani atalipa hesabu ikionekana pungufu? Akijibiwa kwamba kompyuta imekwisha kukadiria, amrudishie mgeni karatasi yake bila sahihi.