Viza ya Ndoa Inapokwisha Muda: Neno kwa Vijana Wanaojiandaa Kuolewa na Kuoa Mbali



Ndugu vijana, hapa Lubumbashi, katika parokia yetu, tulimzika mama mmoja mzee aliyekuwa nguzo ya jumuiya yake. Watoto wake wote walisimama kaburini, isipokuwa kitinda mimba, ambaye anaishi Johannesburg pamoja na mume wake. Siku zote za kilio watu walinong'ona. Wengine walisema amekuwa Mzungu. Wengine, mume amemkataza. Wengine, feza imemsahaulisha tumbo lililomzaa. Sisi tunaofundisha katekesi, tuliomwandaa yeye na mchumba wake kwa sakramenti ya ndoa, hatukuwanyamazisha. Tukumbuke pia kwa unyofu: nasi tuliongeza maneno yetu.

Miezi kadhaa baadaye tuliujua ukweli. Viza aliyopewa kama mke wa mkaaji halali wa Afrika ya Kusini ilikuwa imekwisha muda zaidi ya mwaka mmoja kabla ya msiba. Kama angepanda basi na kuvuka mpaka wa Beitbridge ili aje nyumbani kupitia Zimbabwe na Zambia, angetangazwa mtu asiyetakiwa, na angezuiwa kurudi kwa miaka 5. Kule alikuwa na mume na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Akayatazama maziko ya mama yake katika simu, amejifungia chumbani ili majirani wasisikie akilia na kuanza kuuliza maswali. Ameturuhusu kulisimulia jambo hili bila jina lake, kwa sababu hataki limpate binti mwingine wa parokia hii.

Rai yetu ni hii: viza iliyokwisha muda ni tatizo zito, lakini mara nyingi lina njia ya kushughulikiwa likiletwa mapema kwenye nuru. Kinachoivunja nyumba ni kulificha. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humwumbua. Kwa dada yetu, methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Tueleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda, kwa maana vijana wengi wa Katanga huelekea kusini, na wachache huelezwa. Sheria ya uhamiaji ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2002 inamruhusu mume au mke wa raia, au wa mgeni mwenye ukaaji wa kudumu, kuomba viza kwa ajili ya ndoa yake. Viza hiyo ina tarehe ya mwisho, na inasimama tu maadamu ndoa ni ya kweli na wenzi wanaishi kama mume na mke. Anayetaka kuongezewa muda anapaswa kuomba siku 60 au zaidi kabla ya tarehe hiyo. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014, mtu anayetoka nchini akiwa amepitisha muda kwa siku zisizozidi 30 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Aliyezidisha siku 30 anaweza kuzuiwa kwa miaka 5. Mpakani hakuna faini ya kulipa ili mambo yaishe. Ni karatasi moja anayokabidhiwa mtu, na karatasi hiyo inatosha kuweka miaka mitano kati ya mama na watoto wake.

Dada yetu alianguka vipi? Hakuwa mjeuri wala mvivu. Mwaka ule mume wake alipoteza kazi, na gharama za ombi jipya zikawa mzigo. Akatokea mtu, Mkongomani mwenzetu, aliyejiita mwakilishi. Aliahidi kumaliza kila kitu kwa nusu ya bei, akapokea feza, akaleta risiti. Risiti ilikuwa ya uongo. Walipogundua, tarehe ilikuwa imepita. Ndipo aibu ikaingia nyumbani. Waliona vibaya kumwambia padri wa huko, wakaona vibaya zaidi kutuambia sisi huku, kwa kuwa sherehe yao ilikuwa kubwa na familia zote mbili zilijivunia. Kila mwezi uliopita uliufanya ujao kuwa mgumu zaidi. Ukiulizwa kwa nini hukuja jana, unaogopa hata kuja leo.

Hapa tunataka vijana watenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Agano la ndoa halikuwekwa na ofisi ya serikali, wala haliishi pamoja na muhuri wa paspoti. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1141, inafundisha kwamba ndoa ya wabatizwa iliyofungwa na kutimizwa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, isipokuwa kifo. Basi dada yetu hakuamka siku ile akiwa mke pungufu. Wale waliomwambia kuwa ndoa yake imekuwa bure walimtia jeraha lisilo la haki.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio tunaoutaja mara chache katika mafundisho. Kanuni ya 1151 inasema kwamba wenzi wana wajibu na haki ya kudumisha maisha ya pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali ya kuwatenga. Ikiwa maisha hayo ya pamoja, katika nchi ya kigeni, yanategemea karatasi, basi kuitunza karatasi ni sehemu ya kuitunza ndoa. Mtakatifu Yosefu alimpeleka Maria mjamzito hadi Betlehemu kwa ajili ya kuandikishwa tu. Na alipoonywa juu ya Herode, aliondoka usiku uleule kwenda Misri. Alipoambiwa lililopasa kufanywa, hakulaza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2241, inayaweka mambo mawili pamoja: mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yanavyoweza, na mgeni ana wajibu wa kuzishika sheria za nchi inayompokea. Anayedai la kwanza asilisahau la pili.

Kwa hiyo hatukubaliani na ushauri unaotembea mitaani. Wako wanaosema: nyamaza, wengi wako hivyohivyo. Wako wanaouza muhuri bandia. Wako wanaoomba paspoti ziletwe mbele ya madhabahu zao ziombewe, kisha wanapokea sadaka. Sala tunaiamini na tunaifundisha; lakini sala haimwondolei mtu wajibu wa kupanga mstari ofisini. Muhuri bandia ndio mbaya kuliko yote, kwa maana unageuza kosa la kuchelewa kuwa jinai ya udanganyifu, na hakuna wakili atakayemtetea kwa urahisi aliyeupeleka mwenyewe.

Sheria ileile inayotisha ina mlango mdogo. Mtu ambaye muda wake umekwisha anaweza kuomba idhini ya kubaki huku ombi lake likishughulikiwa, akithibitisha kwamba kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake: ugonjwa uliomlaza hospitalini, kwa mfano, au wizi, au udanganyifu wa mtu mwingine. Aliyekwisha kutangazwa asiyetakiwa naye ana siku 10 za kazi za kuomba tamko hilo liondolewe. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayelia njiani, naye hajui kwamba zinahesabiwa.

Tena Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo imewahi kuitetea ndoa. Mwaka 2000, katika kesi ya Dawood, ilitambua kwamba kuwazuia wenzi wasiishi pamoja kunagusa heshima ya utu wao. Mwaka 2019, katika kesi ya Nandutu, iliamua kwamba mwenzi wa raia au wa mkaaji wa kudumu aliyeingia kwa viza ya kutembelea asilazimishwe kurudi kwao ili tu aombe kubadilisha hadhi yake. Hukumu hizo hazimfutii kosa aliyechelewa. Zinatuonyesha, hata hivyo, kwamba anayesema kweli mbele ya sheria hasemi na ukuta.

Hatusemi kwamba ofisi hazina lawama. Ucheleweshaji wa majibu unajulikana, na tangu mwaka 2023 wizara husika imetoa zaidi ya mara moja waraka wa kuwapa nafuu wale ambao maombi yao yamekawia mikononi mwake. Lakini nafuu hiyo imewafikia walioomba na wenye risiti ya kweli. Aliyejificha haonekani hata na huruma.

Dada yetu, baada ya msiba, alimwendea padri wa parokia anakosali. Padri hakumkemea. Alimpeleka kwa wanasheria wanaowasaidia wahamiaji bila malipo. Pamoja nao aliandika maelezo yake yote, akaambatanisha ile risiti ya uongo, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, akaomba idhini. Hadi tunapoandika, jibu halijatoka. Hatuwezi kuwaahidi kwamba litakuwa jema. Tunachojua ni kwamba sasa mume na mke wanalala wakiwa wamesema kweli, na kwamba jumuiya yao inawajua. Kanisa halikuanza leo kazi hiyo: Mtakatifu Yohane Mbatista Scalabrini, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2022, aliwaanzishia wahamiaji shirika la wamisionari, na watoto wake wa kiroho wanawahudumia wageni hata katika mji wa Cape Town.

Neno moja kwa vijana wa kiume. Viza ya namna hii humfanya mke ategemee barua na sahihi ya mume. Tumesikia wanaume wanaofungia paspoti ya mke sandukuni, na kila ugomvi ukitokea wanamkumbusha kwamba wakinyamaza tu atafukuzwa. Huo ni utumwa uliovaa pete. Na kwa binti anayepigwa tunasema wazi: kanuni ya 1153 inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au ya mwili kuondoka. Hakuna muhuri unaostahili damu yake.

Basi tufanye nini? Mnaojiandaa kwa ndoa ya mbali, ulizaneni mapema: mwenzangu ana hati gani, inaisha lini, nani ataifuatilia? Andikeni tarehe hiyo pamoja na tarehe ya harusi, na muanze kukusanya vyeti miezi 6 kabla. Kila mmoja atunze paspoti yake mwenyewe. Msimpe mtu wa njiani feza wala hati. Muda ukiwa umekwisha tayari, msivuke mpaka kabla ya kusema na mwanasheria, wala msingoje msiba uwalazimishe.

Mnaobaki nyumbani, punguzeni madai na maneno. Anayeshindwa kuja kilioni huenda analia kuliko waliokuja. Nasi makatekista tunalo la kutubu. Tuliwafundisha wale wawili kanuni za ndoa kwa miezi mingi, tukawauliza kuhusu mahari na ubatizo, wala hatukuwauliza hata mara moja wataishi huko kwa hati gani. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika wosia wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, namba 77, alizitaja familia za wahamiaji miongoni mwa zile zinazohitaji uangalizi wa pekee wa kichungaji. Tuliusoma wosia huo chuoni, hatukuufikisha sebuleni. Kuanzia mwaka huu swali hilo litaulizwa katika mafundisho yetu ya wachumba, na mtu wa familia anayeishi ugenini atatajwa katika sala za jumuiya kwa jina, wala si kwa kunong'onwa.

Kwa ajili ya mazungumzo ya kundi:

1. Katika familia yetu, nani anaishi ugenini, na mara ya mwisho tulimwuliza lini hali yake badala ya kumwomba feza?

2. Ni aibu gani inayotuzuia kumwambia padri au katekista shida ya hati?

3. Kundi letu linaweza kufanya nini ili mchumba anayekwenda mbali asiende bila kujua?

Familia Takatifu ya Nazareti, iliyoishi ugenini Misri, ituombee.