Soo Tano ya Dawa Haitoshi

Leo tuongee kuhusu kitu kinatupata sana na tunanyamaza: kuumia kwenye mat.

Si lazima gari ipinduke. Unashuka Kangemi, dere anaondoka kabla mguu wako wa pili haujagusa lami. Au umepanda 46 ya Kawangware, breki zinashikwa ghafla, unagonga mdomo kwenye chuma cha kiti cha mbele. Konda anasema pole, anakuwekea soo tano mkononi, "nunua dawa," na gari inarudi tao kutafuta abiria wengine. Wiki mbili baadaye goti halikunjiki, daktari anataka eksirei, na hujui hata nambari ya hiyo gari.

Si eti kupokea hiyo soo tano kunafuta haki yako. Shida ni kwamba ukishaipokea unaenda zako home bila karatasi yoyote. Na bila karatasi, hukuumia.

Kila matatu lazima iwe na bima ya kulipa watu inaowaumiza. Ni sheria, Sura ya 405, na gharama yake inatoka kwa nauli tunayolipa kila siku. Unamshtaki mwenye gari, ukishinda bima inalipa, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hiyo si huruma ya mtu. Ni pesa iliyowekwa kwa ajili ya goti kama lako.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza hospitali, hata kama unajiona uko sawa. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Kabla gari haijaondoka, piga picha ya nambari na jina la sacco, ama mwambie mtu akupigie. Omba simu za abiria wawili. Kama ulilipa nauli kwa M-Pesa, usifute hiyo meseji. Inaonyesha ulilipa nauli na saa ngapi.

Halafu polisi, siku hiyo hiyo ukiweza, kituo cha karibu na mahali uliumia: Central kama ni tao, Kabete kama ni huko juu Waiyaki Way. Usitoke bila nambari ya OB. Baadaye utachukua abstrakti, ambayo huonyesha bima ya gari, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Weka kila risiti. Una miaka 3 ya kufungua kesi, lakini mashahidi husahau mapema. Kama hujafika miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anakufungulia.

Na chunga mabroka wanaokuja hadi kitandani na fomu. Usisaini kitu hujasoma, hasa ile karatasi ya "tumemalizana". Wakili tafuta mwenyewe, uangalie kama jina lake liko kwenye orodha ya LSK.

Najua mtasema: "Dere ni hasla kama sisi, mbona nimchomee?" Sawa. Lakini soo tano inatoka mfukoni mwa konda, kwa kazi yake ya siku. Bima inatoka kwa kampuni. Ni njia gani inamuumiza hasla zaidi? Ndiyo, dere anaweza kushtakiwa kama aliendesha ovyo. Sheria ya trafiki pia inamtaka asimame na aripoti mtu akiumia. Hujamchomea, umefanya kile yeye alipaswa kufanya.

Wengine watasema polisi watakuzungusha. Inawezekana. Enda na mtu mzima, rudi kesho, ulizia OB yako. Hiyo kuchoka kwetu ndiyo wenye magari wanategemea.

Mnakumbuka wazazi wetu wakisifu sheria za Michuki za 2004, mikanda na vidhibiti mwendo? Zilikuja kwa sababu ajali zilikuwa zimehesabiwa na watu wamepiga kelele. Goti lako lisilo na OB halihesabiwi popote. Kesho dere yule yule ataondoka na mguu wa mwingine bado uko mlangoni.

Hospitali, picha, OB. Tumia hii msee mmoja anayepanda mat kila asubuhi.